Poka ya senti mbili: ninavyolinda mtaji wa dola 60

Nikishafunga duka la spea na kula, nacheza poka saa moja kwenye simu. Mtaji wangu huu ulianza na dola 60, nao haugusani na hela ya nyumba: upo kwenye laini ya pili, ile mke wangu anayoiita "laini ya karata". Namba ya siri anaijua. Zikiisha zimeisha, sikopi.

Nakaa meza ndogo kuliko zote, dau za lazima zikiwa senti 1 na senti 2. Unaingia na dola 2, kwa hiyo dola 60 ni kuingia mara 30. Utaona ni nyingi mno. Mwanzoni hata mimi niliona hivyo, nikapeleka dola 20 meza ya kuingilia dola 10. Adhana ya isha ilinikuta sina hata senti. Ukiwa na ree mbili, mwenzako ana K mbili, mkaweka zote kabla karata za mezani hazijafunuliwa, bado atakupiga karibu mara 1 kati ya 5. Mtaji mwembamba hauhimili hiyo.

Kucheza kwenyewe: tupa karata, jitoe. Katika mikono kumi, yaani migao kumi ya karata, natupa kama minane, hasa ninapotangulia kuamua. Nikiwa wa mwisho nalegeza kidogo, maana wote nimeshawaona. Blafu, kujifanya una karata kali, niliacha; meza ya senti 2 watu wanafuata dau hata na jozi ya 4. Ukipata mkono wa maana, pandisha dau bila haya, watalipa.

Kinachomaliza wengi ni kufukuzia karata. Nilikuwa na 8 na 7 za kopa. Zikafunuliwa K na 2 za kopa, pamoja na 10 ya shupaza: imebaki kopa moja nitimize tano za aina moja, mkono mkali. Katikati kuna senti 50, jamaa akasukuma dola 1, yake yote. Hesabu: kopa zilizobaki ni 9. Karata mbili zikiwa bado, zidisha kwa 4, unapata kama asilimia 36 (kamili ni 35). Ikibaki moja, zidisha kwa 2. Nami natoa dola 1 ili mzigo uwe dola 2.50, kwa hiyo nahitaji asilimia 40. Ni ya kutupa. Nikafuata, kopa ikaja, nikala. Ushindi ule ulinigharimu: wiki mbili nzima nilifukuzia kila kopa niliyoiona.

Siku hizi nikipoteza dola 4 kwa usiku mmoja nazima simu, hata kama meza imejaa wajinga. Kila kikao nakiandika daftarini: tarehe, nilichoingia nacho, nilichotoka nacho, na mkono mmoja ulioniuma. Mtaji ulipofika dola 150 nilipanda meza ya kuingilia dola 5. Ukashuka hadi 100, nikarudi kwenye senti 2 kesho yake. Leo daftari linasoma 118.