Grini kadi yako ya Marekani inakaribia kuisha? Fanya hivi

Kadi ya miaka 10 ikiisha muda wake, haki yako ya kuishi Marekani haijaisha. Naanza na hilo kwa sababu wengi ninaokaa nao kujaza makaratasi hapa Ohio, hasa Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, hunijia usingizi umewapaa. Hata hivyo usiiache ilale. Mwajiri mpya huenda akataka kuiona, shirika la ndege linaweza kukukatalia kupanda, na sheria inamtaka kila mkaazi wa miaka 18 na kuendelea atembee nayo.

Hatua ya 1: Jua fomu yako. Angalia kadi ilitolewa kwa muda gani. Ya miaka 10 huombewa upya kwa fomu I-90, kuanzia miezi 6 kabla ya kuisha. Ya miaka 2, uliyopewa kwa njia ya ndoa, ni habari nyingine kabisa: hiyo ni I-751, na huwasilishwa ndani ya siku 90 za mwisho. Ukizipitisha siku hizo, ukaaji wenyewe unaingia hatarini. Tafadhali usizichanganye.

Kuna mlango wa tatu ambao watu wetu wanausahau. Ukishatimiza miaka 5 ya ukaaji, unaweza kuomba uraia kwa fomu N-400, na tangu Desemba 2022 risiti ya ombi hilo inairefusha kadi yako kwa miezi 24. Aliyekuja kama mkimbizi kwa kawaida huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, si siku aliyopewa kadi. Tarehe hiyo imeandikwa kwenye kadi. Mzazi mwenye miaka 55 na ukaaji wa miaka 15, au miaka 50 na ukaaji wa miaka 20, anaruhusiwa kufanya usaili wa uraia kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Mimi humuuliza kila mtu kama ametimiza miaka hiyo 5 kabla hajalipa ada ya I-90.

Hatua ya 2: Kabla ya kujaza, jipime. Umewahi kukamatwa na polisi, hata kama kesi ilifutwa? Umekaa nje ya nchi zaidi ya mwaka? Basi simama hapo, onana kwanza na wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Alama zako za vidole zitapitishwa kwenye kumbukumbu za polisi.

Hatua ya 3: Jaza. Fungua akaunti kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, ile inayoishia na .gov. Fomu ni bure. Anayekuuzia fomu anakuibia. Ada ya I-90 tangu Aprili 2024 ni dola 415 mtandaoni na dola 465 kwa karatasi, na ikishalipwa hairudi. Mwenye kipato kidogo aangalie kwanza fomu I-912 ya kuomba asamehewe ada.

Majina ndiyo yanayotutesa. Sisi tuna jina la nyumbani, la ubatizo na la baba, na kambini karani aliyapanga alivyoona. Andika kama yalivyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, hata kama mpangilio unakukera. Tarehe ya kuzaliwa vivyo hivyo: kama kadi inasema Januari 1, andika Januari 1. Kurekebisha ni ombi lenye sababu yake na ushahidi wake.

Hatua ya 4: Tunza risiti. Tangu Septemba 2024, risiti ya I-90 inairefusha kadi ya zamani kwa miezi 36, lakini hufanya kazi ikiwa pamoja na kadi yenyewe. Nimeona mama mmoja aliyeikata kadi yake kwa mkasi akidhani haina maana tena. Usifanye hivyo.

Hatua ya 5: Alama za vidole na anwani. Ukiitwa kutoa alama za vidole, nenda siku uliyopangiwa, na barua yako pamoja na kadi. Ukihama, toa taarifa ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11. Kubadilisha anwani posta peke yake hakutoshi.

Kadi mpya ikifika, soma jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuanza ukaaji kabla hujaiweka kwenye pochi. Kosa likiwa lao, unaomba marekebisho bila ada, na kadi yenye kosa unaituma pamoja na ombi.