Somo: Jinsi ya Kuanzisha Darasa la Watu Wazima kwa Msaada wa Serikali za Mitaa

Somo hili linawahusu wakazi wanaotaka kujifunza pamoja baada ya umri wa shule, ambao wanaamini kwamba halmashauri yao inapaswa kuwasaidia, lakini hawajui waanzie wapi. Wengi huanza kwa kuomba fedha. Ushauri wangu ni kwamba muanze kwa kuomba ukumbi.

Hatua ya kwanza: wasikilizeni watakaojifunza. Kabla ya kuandika barua yoyote, wazungukieni mmoja mmoja na kuwauliza ni jambo gani linalowashinda sasa ambalo wangependa kuliweza: kusoma maelezo ya dawa, kutunza hesabu za biashara, au kujaza fomu kwenye simu. Kisha ulizeni kuhusu saa, na swali hili msilipuuze, kwa sababu darasa la asubuhi huwafungia nje vibarua wa kutwa, na la jioni huwafungia nje wazazi wasio na mtu wa kuwaachia watoto.

Hatua ya pili: ombeni ukumbi. Madarasa ya shule, maktaba na ofisi za umma mara nyingi hukaa tupu jioni na mwisho wa wiki, na kuyafungua kunahitaji uamuzi zaidi kuliko fedha. Nchini Japani, mwaka 1946, serikali ilianza kuhimiza miji na vijiji kuanzisha kominkan, yaani kumbi za wananchi za kujifunzia na kukutania, na Sheria ya Elimu ya Jamii ya mwaka 1949 ikazipa kumbi hizo msingi wa kisheria chini ya serikali za mitaa. Nchini Denmark, sheria huzitaka manispaa kuvipatia vyama vya hiari vinavyoelimisha watu wazima vyumba pamoja na ruzuku, huku vyama vyenyewe vikichagua cha kufundisha. Mgawanyo huo naupenda sana: serikali inafungua mlango, na wananchi wanaamua wanachokiingilia.

Barua yenu itaje siku na saa, idadi ya washiriki, atakayeshika ufunguo, atakayefanya usafi, na atakayewajibika kitu kikiharibika. Niliwahi kushuhudia ombi zuri likilala mezani kwa miezi kadhaa kwa sababu tu halikueleza ufunguo utakaa kwa nani.

Hatua ya tatu: tafuteni mwezeshaji anayelingana na somo. Nchini Uswidi, maduara ya kujisomea yamekuwapo tangu mwaka 1902: watu wachache husoma na kujadiliana, na kiongozi wao halazimiki kuwa mtaalamu. Utaratibu huo unafaa kwa masuala ya afya, sheria au uraia. Kisomo ni tofauti, kwani kumfundisha mtu mzima asiyejua herufi kunahitaji ujuzi, na hapo ndipo mnapostahili kuidai halmashauri mwalimu, au angalau mafunzo na posho kwa mwezeshaji wenu.

Hatua ya nne: ingieni kwenye bajeti. Wekeni daftari la mahudhurio tangu siku ya kwanza, kisha mpelekeeni diwani nakala yake kabla makadirio ya mwaka hayajapitishwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, halmashauri ikitaka kuchagua masomo kwa kuwa imetoa ukumbi, tukubali?

Jibu: Kubalini kukaguliwa mahudhurio na matunzo ya jengo. Kuhusu masomo, waonyesheni majibu mliyoyakusanya katika hatua ya kwanza, na muombe makubaliano ya maandishi yanayotenganisha mambo hayo mawili.

Swali: Wazee wetu wanaona haya kusoma mbele ya vijana. Tuwatenge?

Jibu: Kwa kisomo, naam, anzeni na kundi lao peke yao, wala msiwape mtihani wa kuwapima siku ya kwanza. Katika masomo mengine wachanganyeni, kwa sababu mzee anayefundishwa simu na kijana naye ana la kumfundisha.

Swali: Kikundi chetu kinaweza kujiunga na mtandao wa UNESCO wa miji inayojifunza?

Jibu: Ndugu, mwanachama wa mtandao huo ni mji wenyewe. Unasimamiwa na taasisi ya UNESCO ya elimu ya maisha yote iliyopo Hamburg, na maombi yanahitaji ridhaa ya meya na ya tume ya taifa ya UNESCO. Ninyi mnaweza kumshawishi meya, na daftari lenu litakuwa ushahidi mzuri.

Swali: Washiriki wamepungua kutoka ishirini hadi saba. Tufunge?

Jibu: Msifunge kwanza. Watembeleeni wale kumi na watatu na muwaulize kuhusu saa kabla ya kuwauliza kuhusu somo. Saba waliobaki waendelee siku ileile na mahali palepale, ili atakayetaka kurudi aukute mlango wazi.