Unatoka Lindi kwenda kusoma Berlin? Anza na anwani

Kijana wa hapa Lindi akipata chuo Ujerumani, mzazi wake hunijia nyumbani kuuliza anunue koti gani. Huwa namwambia koti aliache kwanza, Berlin mitumba ipo na wenyewe ndio wanaoijua baridi yao. Amuulize mwanawe mambo mawili: atafikia nyumba gani, na je, mwenye nyumba atakubali ajiandikishe hapo?

Mdogo wangu unayeondoka, mimi nimesoma kule, na sitaki uhangaike kwa mambo yanayoweza kupangwa ukiwa bado nyumbani. Huku kwetu mgeni anaelekezwa: panda Mtanda, ulizia kwa mwalimu fulani, nyumba yenye mwembe. Berlin hakuna wa kuuliziwa. Jengo moja lina kengele ishirini na visanduku vya barua ishirini, hakuna namba ya chumba, kuna majina ya ukoo tu. Jina lako lisipokuwepo, tarishi anaondoka na barua yako. Na kule barua ndizo zinazoendesha maisha: kadi ya benki, namba ya siri ya hiyo kadi, kadi ya bima ya afya, namba ya mlipakodi. Kwa hiyo jioni ileile unayofika, hata begi hujalifungua, andika kwenye karatasi jina lako la mwisho kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa herufi kubwa, ulibandike kwa selotepu kwenye kengele na kwenye kisanduku. Kama umepanga chumba ndani ya nyumba ya mtu, muombe ruhusa uliweke chini ya jina lake.

Linalofuata ni kujiandikisha. Sheria inakupa siku 14 tangu uhamie. Unakwenda kwenye ofisi inayoitwa Bürgeramt, na Berlin unaweza kwenda yoyote, si lazima ya mtaa wako. Miadi inachukuliwa mtandaoni na ni adimu kweli. Fungua ukurasa wao asubuhi na mapema, kwa sababu watu wakighairi, nafasi zinajitokeza. Ukishajua tarehe ya kuhamia, anza kuitafuta miadi ukiwa bado Lindi. Ikiangukia nje ya zile siku 14, tunza uthibitisho kwamba uliiomba mapema. Siku hiyo beba pasipoti, fomu iliyojazwa, na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba umehamia kwake. Inaitwa Wohnungsgeberbestätigung; lina urefu wake, lakini lijue hivyohivyo, maana mkataba wa pango peke yake hautoshi.

Wapo wanaopangisha kwa sharti kwamba usijiandikishe. Kikatae chumba hicho hata kama ni cha bei nafuu, kwa sababu benki, kibali cha ukaazi na hiyo namba ya mlipakodi vyote vinategemea karatasi ya Bürgeramt. Wapo pia wanaotaka utume fedha kabla hujakiona chumba wala kuzungumza na mtu anayeishi mle. Usitume. Omba mapema bweni la studierendenWERK, shirika la huduma za wanafunzi, siku ileile unayopata barua ya chuo, kwa sababu foleni yake ni ndefu.

Fedha sasa, na hapa nazungumza na wazazi pia. Asiye na ufadhili, ili apate viza, huweka fedha kwenye akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto: euro 11,904 kwa mwaka, zinazoachiwa euro 992 kila mwezi. Kuziona huko si kuzishika. Mara nyingi hazianzi kutoka mpaka mwanafunzi afike na awe na akaunti ya kawaida ya kuzipokelea. Wiki za mwanzo anaishi kwa alichonacho mfukoni, na amana ya chumba peke yake inaweza kufikia kodi ya miezi mitatu. Muhula wa baridi unaanza Oktoba, wakati ambao huku minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza. Mzazi mwenye mikorosho Ruangwa au Nachingwea wakati huo bado anasubiri malipo. Fedha ya kuanzia maisha itoke kwenye korosho za msimu uliopita, iwekwe kando, isiguswe hata kwa harusi.

Kabla ya kukata tiketi ya ndege tazama kalenda. Jumapili maduka yanafungwa, na tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya kuungana kwa nchi yao mwaka 1990, maduka na ofisi hazifunguliwi. Fika siku ya kazi, asubuhi. Ikishindikana, maduka ya ndani ya stesheni kuu, Hauptbahnhof, huwa wazi hata Jumapili.

Uwanja wa ndege uko ukanda C wa nauli, kwa hiyo nunua tiketi ya treni ya ABC, inayofaa kanda zote tatu. Geti hakuna, konda hakuna. Tiketi ya karatasi ambayo haijapigwa muhuri unaigonga kwenye kisanduku kabla ya kupanda. Wakaguzi wengine wanavaa nguo za kawaida, na asiye na tiketi halali anatozwa euro 60 papo hapo.

Chakula: nyama na maziwa usibebe, havikubaliwi kuingia Ulaya. Samaki wa kula mwenyewe wanaruhusiwa hadi kilo 20, basi ng'onda wako mfunge vizuri kwenye mifuko miwili. Jiko ni la watu wote. Siku ya kumkaanga, waarifu wenzako, fungua dirisha na funga mlango wa jikoni. Nyama ya halali iko kwenye maduka ya Waturuki mitaa ya Neukölln na Kreuzberg, unga wa ugali kwenye maduka ya Waafrika mtaa wa Wedding. Hukohuko Wedding kuna barabara iitwayo Maji-Maji-Allee, iliyopewa jina hilo mwaka 2024. Kwa mtoto wa Kilwa au Liwale, hilo ni jina la nyumbani.

Ukizidiwa na upweke, nenda Museum für Naturkunde, barabara ya Invalidenstraße, siku yoyote isipokuwa Jumatatu. Ukiingia tu ukumbini utakutana na mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa ile ilichimbwa kwetu kati ya 1909 na 1913, na ni wazee wetu walioichimba na kuibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Wapeleke wanafunzi wenzako. Waeleze mwenyewe Tendaguru iko wapi na nani walibeba mizigo ile. Mimi naona hiyo ni haki yako, na yeyote anayekuuliza unatoka wapi hapati jibu bora kuliko hilo.

Simu ya dharura ni 112, haina malipo. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, na tofauti yetu nao inakuwa saa mbili badala ya moja. Kufikia Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na giza hilo linamchosha mtu wa pwani kuliko baridi yenyewe. Toka nje mchana hata kama huna pa kwenda, na mpigie mama kabla ya saa moja usiku ya Berlin, maana Lindi inakuwa saa tatu na anakaribia kulala.