Ukigongwa Kariakoo: ya kufanya tangu barabarani hadi bima ilipe

Kama kuna aliyeumia, huyo kwanza. Piga 112, au mwahishe hospitali kwa usafiri wowote uliopo. PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ifuatiliwe na mtu mwingine kituoni wakati majeruhi tayari yuko mikononi mwa daktari, na itolewe nakala kabla haijarudishwa polisi, maana ndiyo inayobeba madai yake ya fidia.

Kwa magari, washa taa za hazadi, weka pembetatu, kisha pambana na shinikizo. Mtaa wa Msimbazi au Uhuru hausubiri mtu: honi zitalia, makondakta watakufokea usogeze gari. Usisogeze kabla trafiki hajapima. Akichelewa, au akiamuru njia ifunguliwe, hakikisha picha zimeshapigwa: magari yote mawili na namba zake, matairi yameelekea wapi, alama za breki, vioo vilipoangukia, na kitu kisichohama kama nguzo au bango la duka. Picha za bampa peke yake hazionyeshi nani alikuwa upande wa nani. Omba pia namba za simu za mashahidi wawili. Wenye maduka ni bora kuliko wapita njia, kwa sababu kesho utawakuta palepale, na huenda wana kamera.

Piga picha leseni ya dereva mwenzako, kisha ingiza namba ya gari lake kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka inayosimamia bima. Utaona kampuni iliyomkatia bima na tarehe ya kwisha. Akikuomba mmalizane kwa mkono, fahamu kwamba ukishapokea hela na kuondoka bila polisi, hasara itakayoonekana gereji ni yako. Nawe usikubali kosa kwa maandishi. Bima yako inaweza kuligeuza sababu ya kukataa.

Trafiki akichora mchoro wa ajali, simama karibu uangalie vipimo na mwelekeo wa kila gari. Kosa likiingia hapo, kulirekebisha baadaye ni kazi ngumu sana. Usiondoke kituoni bila namba ya jalada, jina la mpelelezi na simu yake.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza wiki. Bima huwa inataka fomu za polisi za ripoti ya ajali, PF90 na PF115, pamoja na mchoro na PF93 ya ukaguzi wa gari, na hazitoki siku moja. Gari likaguliwe na mkaguzi wa polisi kabla fundi hajaligusa. Ukilinyoosha mapema, PF93 haitakuwa na cha kueleza. Dereva mwenye kosa akikiri na kulipa faini, chukua nakala ya karatasi ya faini hiyo. Akikana, jalada huenda mahakamani, na kampuni yake inaweza kusubiri hukumu.

Wakati huohuo toa taarifa kwa bima, hata kama ripoti hazijakamilika, kwa kuwa mkataba wako una ukomo wa siku. Mwenye bima ndogo, ile inayolipa hasara ya wengine tu, hadai matengenezo kwa kampuni yake, anadai kwa kampuni ya aliyemgonga. Profoma ya gereji, yaani makadirio ya gharama, ieleze kila kifaa na bei yake, ufundi utenganishwe, kisha msubiri mkadiria hasara wa bima. Hati ya kupokea malipo isisainiwe kabla gari halijafunguliwa na fundi kuona chasisi na radieta, kwani ukisaini, madai yamefungwa. Mkishindwana juu ya kiasi, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.