SOMO: Kumhamisha mtoto kutoka chupa hadi kikombe (soma lote kabla ya kuuliza)

Wazazi wenzangu, habari za Dodoma na vumbi lake. Kila nikifungua meseji nakutana na lile lile: "Dada, wangu ana mwaka na nusu, chupa haachi, nifanyeje?" Nimechoka kuandika jibu moja kila siku, naliweka hapa. Mimi si daktari, ni mama wa watatu. Mwenye mtoto mgonjwa au asiyeongezeka uzito aanzie kliniki, asianzie kwangu.

Hatua ya 1: Umri. Akifika miezi 6, pale anapoanza uji, aanze na kikombe. Lenga chupa iwe imeisha akitimiza mwaka. Ukivuta mpaka mwaka na nusu, ujue unashindana na mtu anayejua kudai.

Hatua ya 2: Kikombe. Kidogo, chepesi, cha wazi. Hata kile cha kupimia dawa ya maji kinatosha kuanzia. Vile vya mfuniko ambavyo ukivipindua havidondoshi hata tone viache kwa safari ya basi tu, maana mtoto anavivuta vilevile kama chuchu.

Hatua ya 3: Kunywesha. Mkalishe wima kwenye paja, si kulala. Weka maziwa kidogo tu, vijiko viwili vitatu. Ukingo wa kikombe ukae kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse mdomo, halafu TULIA. Yeye ndiye anayevuta. Ukimmiminia atapaliwa, na kesho akikiona kikombe atageuza shingo. Kumwagika kupo, mfunge kitambaa.

Hatua ya 4: Ondoa chupa moja moja. Anza na ya mchana anapokuwa na michezo yake, kisha ya asubuhi. Kila moja ipe siku kadhaa.

Hatua ya 5: Chupa ya kulalia. Somo lenyewe liko hapa. Nyumba nyingi zinashinda mchana na kuanguka saa nne usiku; kwa mtoto wangu wa kwanza nami nilianguka hapo hapo. Saa hizo mtoto hadai shibe, anadai usingizi, kwa sababu amezoea kufumba macho chuchu ikiwa mdomoni. Ukimnyang'anya ghafla hamlali wote. Kwa hiyo kwanza hamisha mahali: chupa ainywee sebuleni, amekaa, taa inawaka. Kisha mswaki. Kisha kitandani bila kitu mdomoni, umwimbie au umpapase mgongo. Akizoea mpangilio huo ndipo upunguze. Kama alikuwa anamaliza ml 180, weka 150, baada ya siku chache 120, na kile unachopunguza kwenye chupa kihamie kwenye kikombe. Mwishowe chupa inabaki na kitu kidogo ambacho hata yeye hakijali. Akiamka usiku na ameshapita mwaka, mpe maji kwenye kikombe. Usirudishe chupa saa nane kwa sababu umechoka. Atajua kwamba akilia vya kutosha chupa huja.

Angalieni haya:
– Usizimue maziwa ya kopo kwa maji ya ziada ili "aichukie chupa". Aliye chini ya mwaka anashiba maji na kukosa chakula.
– Usimlaze na chupa. Akilala mate yanapungua na maziwa yanatuama kwenye meno ya mbele ya juu. Nyanyua mdomo wake wa juu utazame: madoa meupe kama chokaa karibu na fizi ndiyo mwanzo wa kuoza. Yakigeuka kahawia, mpeleke kwa daktari wa meno.
– Shubiri na pilipili kwenye chuchu, hapana.
– Baba, bibi na dada wa kazi wawe na msimamo mmoja. Mmoja akificha chupa jikoni, mmeanza upya.

Hatua ya 6: Siku ya kumaliza, chupa zote zitoke ndani ya nyumba.

MASWALI

Mama Careen: Wangu ana miezi 14, chupa ya usiku naiondoaje?
— Hatua ya 5.

Mama Careen: Nimesoma juu juu, niko kazini.
— Basi isome ukitoka.

Chaurembo: Mimi nilinyonya chupa mpaka miaka mitatu na meno yangu mazima.
— Hongera. Mimi nawaandikia ambao hawana bahati yako.

Baba Junior wa Nkuhungu: Mbukwenyi! Tangu aache chupa anakunywa maziwa nusu ya zamani. Ana mwaka na miezi miwili. Niogope?
— Mbukwa, baba. Usiogope. Akishapita mwaka, karibu nusu lita kwa siku inatosha, na mtindi umo kwenye hesabu hiyo. Wanaonitia wasiwasi ni wale wa lita nzima: wanashiba maziwa, chakula hawagusi, na maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, ndipo damu inapungua. Tazama kama anakula, anakojoa vizuri, na kadi yake ya kliniki inapanda.

Neema_Area C: Maji ya bomba kwetu yana chumvi. Nikichemsha sana inapungua?
— Haipungui. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi inabaki, tena maji yakikauka sufuriani inazidi. Ya kukorogea maziwa ya kopo tafuta yasiyo na chumvi, nayo uyachemshe.

Mwl. Mshana: Swali la kujifunza tu. Nilimwona nesi akimnywesha mtoto njiti kwa kikombe. Inawezekanaje, na hata shingo haijakaza?
— Umeuliza jambo zuri. Inawezekana, nesi akimshika wima na kumwegemeza kichwa. Mtoto analamba kwa ulimi kama paka, kidogo kidogo. Ndiyo maana mama wa kazini anaweza kukamua na kuacha maziwa yanyweshwe kwa kikombe tangu mwanzo, asiione chupa kabisa. Kikombe kinasuguliwa kote kwa sabuni, tofauti na chuchu yenye kona zake. Na likizo ya uzazi ikiisha, siku 84 zile, sheria bado inakupa hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Wengi hawaziombi.

Mshana tena: Maziwa ya kukamua yanakaa muda gani na joto hili?
— Pasipo friji, saa nne kwenye chumba chenye ubaridi. Kwa jua letu la Oktoba usifike huko. Yafunike, upepo wetu mnaujua.

Happy_G: Bibi yake anamwekea juisi ya ubuyu kwenye chupa, ile nyekundu. Si ubuyu una vitamini?
— Ubuyu unazo. Ile nyekundu ni sukari na rangi. Mwambie bibi achukue unga mweupe wa ubuyu, aukoroge kwenye uji ukishaepuliwa. Vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye uji.

Happy_G: Na chai ya asubuhi?
— Chai inafanya kinyume, inazuia hayo madini. Mpeni uji.

Happy_G: Unga wa ubuyu unachekechwa au vivyo hivyo?
— Chekecha, tena kwa chekecheo laini. Nyuzi zake zinamkwama kooni.