Mzunguko wako wa kwanza jangwani kwa baiskeli ya milimani

Njia ya mzunguko, ile inayokurudisha ulipoanzia, ina jambo moja ambalo anayeanza hulisahau: ukishapita nusu, kurudi ulikotoka ni mbali kuliko kuendelea. Kwa hiyo uamuzi wa kugeuza hufanywa mapema, kwenye theluthi ya kwanza, ungali na nguvu na maji. Kila nikiongozana na mgeni nasimama hapo na kukagua chupa, hata kama wote wanasema wako sawa. Mmoja akiwa amekunywa zaidi ya theluthi ya maji yake, tunageuza sote. Wapo walionikasirikia kwa hilo, na bado sijabadili utaratibu.

Chagua njia ya kilomita 8 hadi 12 yenye alama ya duara la kijani. Mraba wa buluu ni ugumu wa kati. Almasi nyeusi waachie wazoefu. Kilomita 10 zinasikika chache, lakini kwenye mchanga na mawe humla anayeanza saa moja na nusu au mbili. Mimi hutaka jua linichomozee nikiwa njiani, na kufika saa nne asubuhi niwe nimeshaipakia baiskeli.

Maji: kwa muda huo mimi hubeba lita 3, na chumvi kidogo ndani ya chupa moja. Hewa ya jangwani ni kavu mno, hata jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho kabisa. Tazama fulana yako: ile michirizi myeupe ni chumvi iliyokutoka. Kunywa mafunda mawili matatu kila baada ya dakika 10 au 15, usingoje kiu.

Sasa miiba, maana hapa ndipo safari nyingi huharibika. Mbigili hupenda maeneo yaliyokanyagwa, hasa pale magari yanapoegeshwa, kwa hiyo baiskeli yangu naibeba begani mpaka mwanzo wa njia. Hainiaibishi hata kidogo. Tairi lisilo na tyubu, lenye ule utomvu wa kuziba matundu ndani yake, ndilo bora: ukichomoa mwiba, geuza tundu liangalie chini, utomvu utashukia hapo na kuliziba. Ukiwa na tyubu, beba mbili za akiba, viraka na pampu. Na kabla hujaweka tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, polepole, mpaka kinase. Mwaka wangu wa kwanza niliruka hatua hiyo kwa haraka ya jua. Ncha ya mwiba ilikuwa bado imejificha kwenye mpira, na baada ya mita mia mbili tyubu mpya nayo ikalala. Niliisukuma baiskeli kilomita 4. Kwenye jangwa la Arizona, Marekani, kuna mpungate uitwao cholla ambao vipande vyake hukatika na kung'ang'ania ngozi. Usivishike kwa vidole. Vitoe kwa kitana, kwa mkupuo mmoja.

Upepo wa tairi upunguze kidogo. Mimi nina kilo 70, na tairi zangu za inchi 2.3 zisizo na tyubu nazijaza psi (kipimo cha upepo) 23 mbele na 25 nyuma. Mwenye tyubu aongeze kidogo, ili rimu isiibane tyubu kwenye jiwe na kuitoboa.

Mchanga laini unataka uamue kabla hujaufikia. Weka gia nyepesi kiasi, sogeza makalio nyuma, legeza mikono, tazama pale mchanga unapoishia, kisha kanyaga pedali bila kukatiza. Gurudumu la mbele litayumbayumba, liache liyumbe. Ukilipinda kwa nguvu au ukigusa breki ya mbele, litazama. Mwamba wenyewe ni rafiki: ukiwa mkavu unashika tairi kama msasa. Kinachoteleza ni vumbi lililotandazwa juu yake. Kwenye mteremko simama juu ya pedali zikiwa sawasawa, kidole kimoja kwenye kila breki.

Ukishindwa mahali, shuka utembee, lakini tembea ndani ya njia. Ule udongo mweusi wenye vinundu pembeni, kama wanavyouona waendeshaji wa jimbo la Utah, Marekani, una uhai: ni bakteria, kuvu na kuvumwani walioshikana na kuuzuia mchanga usipeperuke. Alama moja ya tairi yaweza kubaki miaka mingi. Jambo hili linaniuma, na sitaki kuona mtu akichepuka kukwepa jiwe.

Korongo kavu livuke haraka ikiwa kuna mawingu mazito milimani. Mafuriko huja kutokana na mvua iliyonyesha mbali, juu yako anga ikiwa safi.

Kichwa kikiuma, ukahisi kizunguzungu au baridi ya ajabu ilhali jua linawaka, shuka hapo hapo. Ingia kivulini, hata kama ni cha mwamba mmoja, lowesha shingo na makwapa, kunywa taratibu, na siku hiyo usipande tena. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, piga simu ya uokoaji mara moja, huku ukiendelea kummwagia maji.