Waranti ya ziada ya gari lililotumika Marekani: vya kukagua kabla hujasaini

Bei ya gari mmeshaelewana, sasa unaitwa ofisini kusaini. Hapo ndipo utakapoambiwa kuwa kwa dola 50 na kitu kwa mwezi gari litakuwa na waranti ya miaka 3. Usijibu kwanza. Kisheria, Marekani, hiyo si waranti. Waranti imo ndani ya bei ya gari; hicho unachouziwa ni mkataba wa matengenezo, una bei yake peke yake, na kwenye karatasi utaukuta kwa jina la service contract. Mara nyingi atakayelipa gari likiharibika ni kampuni nyingine kabisa, si yadi iliyokuuzia.

Jua kwanza gari tayari lina nini. Karibu majimbo yote, yadi inalazimika kubandika kiooni karatasi iitwayo Buyers Guide. Alama ikiwa kwenye AS IS, yadi haikuahidi kitu. Lakini waranti ya kiwanda huenda bado ipo. Chukua VIN, ile namba yenye tarakimu na herufi 17, umpigie muuzaji wa chapa hiyo akutajie siku gari lilipoanza kutumika, maana waranti huhesabiwa tangu siku hiyo, si siku uliyolinunua wewe. Toyota wanalipia injini na gia boksi miaka 5 au maili 60,000, kinachotangulia. Kwa Hyundai na Kia angalia vizuri: ile miaka 10 au maili 100,000 wanayoitangaza ni ya mwenye gari wa kwanza. Wewe wa pili unabaki na miaka 5 au maili 60,000, isipokuwa gari liwe limekaguliwa na kuthibitishwa na wakala wa chapa yenyewe. Katalaiza na kompyuta ya injini zina kinga ya sheria ya shirikisho, miaka 8 au maili 80,000. Ingiza pia VIN kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani: kama kiwanda kimeyaita magari yarudi kwa kasoro fulani, hurekebishwa bure.

Ukijua hayo, uliza swali moja: mkataba huu unaanza leo au waranti ya kiwanda ikiisha? Ukianza leo kwenye gari ambalo injini yake bado iko chini ya kiwanda, unalipia kitu kimoja mara mbili.

Halafu omba mkataba mzima, si kipeperushi chenye picha. Muuzaji asiyekubali uende nao nyumbani au uupige picha, achana naye. Na akisema benki inadai uununue, mpigie mkopeshaji mwenyewe umuulize. Kwa kawaida si kweli.

Anza kuusoma mwishoni, kwenye visivyolipiwa. Mikataba iko ya aina mbili. Mmoja hutaja vipuri vinavyolipiwa, na kisichotajwa hakilipwi. Mwingine hutaja visivyolipiwa tu. Huo ndio mpana, na ndio ghali. Ule wa kwanza ukiandika "sehemu za ndani zinazolainishwa kwa oili", maana yake ni pistoni, kranki, kamshafti. Radieta, hozi na sensa ziko nje ya maneno hayo. Breki pedi, klachi, matairi na betri usitegemee popote.

Madai mengi hukwama kwenye uharibifu unaofuata uharibifu. Chukua wota pampu. Inaanza kuvuja, sindano ya joto inapanda, dereva anasema nimebakiza maili 2 tu nifike. Akifika, silinda hedi imeshapinda. Pampu italipwa. Hedi itakataliwa, kwa kuwa uliendesha gari likichemka. Sindano ikipanda, simama, zima, ita gari la kuvuta. Hilo mikataba mingi inalilipia.

Sababu ya pili ni risiti. Kampuni itataka ushahidi kwamba oili ilibadilishwa kwa wakati, kwa hiyo hata ukibadilisha mwenyewe, tunza risiti ya oili na filta na uandike tarehe na maili. Ya tatu inawapata wengi wetu: Uber, Lyft au kupeleka vyakula. Mikataba mingi huhesabu hiyo kuwa biashara na kukataa dai. Kama ndiyo kazi yako, tafuta mkataba unaoiruhusu kwa maandishi. Neno la mdomo la muuzaji halikusaidii kitu.

Sasa hesabu. Mkataba wa dola 2,400 ukitiwa kwenye mkopo wa miezi 60 kwa riba ya 12% unakuwa takriban dola 53 kwa mwezi, jumla dola 3,200 hivi. Mkataba wa miaka 3 umekwisha, wewe bado una miaka 2 ya kuulipa. Bei yake ina nafasi ya kushuka, kwa hiyo bishana nayo kama ulivyobishana ya gari. Kwa Corolla iliyotunzwa, sisi tungeziweka hizo 2,400 benki. Kwa gari la kifahari la Ulaya lenye taabo na shokapu za hewa, mkataba mpana unaweza kujilipa.

Uliza pia mchango wako (deductible), yaani kiasi unachotoa mfukoni kwenye kila dai, ni kwa kila ziara gereji au kwa kila kipuri. Vipuri 3 kwa mchango wa dola 100: ziara moja ni 100, kwa kipuri ni 300. Na kiwango cha ufundi kwa saa: wakilipa 120 na gereji inatoza 180, tofauti ni yako.

Gari likiharibika, fundi asifungue boliti kabla kampuni haijatoa namba ya idhini. Injini ikibidi ifunguliwe ndipo sababu ijulikane, waambie wakuandikie nani analipa saa hizo dai likikataliwa. Wasipoandika, ni wewe.

Ukijuta, fungua ukurasa wa kusitisha. Siku za mwanzo, mara nyingi 30 hadi 60, hurudishiwa fedha zote kama hujadai kitu. Baadaye hukatwa kwa muda au maili zilizotumika, pamoja na ada. Peleka barua yenye tarehe na maili za siku hiyo, ubaki na nakala. Kama mkataba ulitiwa kwenye mkopo, fedha zinakwenda kwa mkopeshaji kupunguza deni, na rejesho lako la mwezi kwa kawaida halibadiliki.